Salfa, jasi na udongo wa magadi: mwongozo kwa mashamba ya Mwanza na pwani ya Ziwa Victoria

Mkulima wa Misungwi, Kwimba au Magu anayeshauriwa kununua salfa ya unga ili ilainishe udongo wa magadi hajadanganywa, ila hajaelezwa habari nzima. Salfa, shabu, mbolea ya SA (salfeti ya amonia) na tindikali yenyewe zinaweza kuufungua udongo uliojifunga miaka mingi, na zinaweza vilevile kuuchosha udongo uliokuwa mzuri, kutegemea kile zinachokikuta ardhini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutambua udongo wako kabla ya kutoa fedha, namna ya kukadiria kiasi kinachohitajika, wakati wa kukiweka, na namna ya kuitoa shambani chumvi inayobaki baada ya kazi hiyo.

Kinachoufunga udongo na kinachoufungua

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na bapa, na nyuso zake zina chaji hasi inayovuta madini yenye chaji chanya. Madini hayo yakiwa kalsiamu, ambayo ina chaji mbili, chembe hukaribiana na kushikamana katika vibonge vidogo, na kati ya vibonge hivyo hubaki nafasi za maji, hewa na mizizi. Yakiwa ni sodiamu kwa wingi, ambayo ina chaji moja tu na hujizungushia maji mengi, chembe hutengana udongo unapolowa, huelea mojamoja, kisha hutua ndani ya vitundu vya udongo na kuviziba. Ndiyo maana shamba la magadi likinyeshewa hutuamisha maji juu ilhali shubiri moja chini pangali pakavu, na likikauka hufanya gamba ambalo mche wa pamba unashindwa kulipasua. Kwa kawaida udongo huhesabiwa kuwa wa magadi pale sodiamu inaposhika asilimia 15 au zaidi ya nafasi za madini kwenye mfinyanzi, na mara nyingi pH yake, yaani kipimo cha uchachu, huwa juu ya 8.5.

Aliyewahi kusafisha maji ya lambo kwa shabu ameshaliona jambo hili kwa macho yake. Maji hayo yanaweza kukaa kwenye ndoo kutwa nzima bila tope kutua, kwa kuwa chembe zake zinasukumana. Lakini shabu ikizungushwa ndani yake kwa muda mfupi, tope huanza kujikusanya katika vipande vinavyoonekana, vipande vinakuwa vizito na kushuka, na maji ya juu yanabaki maangavu. Shabu ni chumvi ya salfa yenye tindikali, na ndani yake mna aluminiamu, ambayo chaji zake tatu ndizo zinazozikusanya chembe. Salfa iliyomo humo ni mbebaji tu. Hata shambani mambo huenda hivyo: salfa huleta tindikali, tindikali huyeyusha chokaa iliyomo ardhini, chokaa ikiyeyuka hutoa kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoitoa sodiamu mahali pake na kuvirudisha vibonge. Pasipo na chokaa ya kuyeyushwa, mnyororo huo hukatika katikati, na tindikali iliyobaki huanza kula kile kidogo kilichokuwepo.

Salfa ya unga yenyewe haina ukali wowote siku inapomwagwa. Bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Thiobacillus, ndio wanaoigeuza kuwa tindikali kwa msaada wa hewa na unyevu, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa hadi miezi kadhaa kutegemea joto, maji na jinsi unga ulivyosagwa. Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote hutoa takribani kilo 3 za tindikali, ambazo huyeyusha takribani kilo 3.1 za chokaa na kuacha takribani kilo 5.4 za jasi, yaani chumvi ya kalsiamu na salfa, palepale ardhini. Kwa hiyo anayeweka salfa kwenye udongo wenye chokaa anatengeneza jasi shambani mwake, na anayeweka jasi moja kwa moja anairuka hatua ya bakteria. Hesabu hiyo ya 1 kwa 5.4 ikumbukwe, kwa sababu bei za dukani zinapaswa kulinganishwa kwa kuitumia.

Jina la udongo linaanza kukupa jibu

Usukumani udongo ulipangwa na wakulima wenyewe kwa majina, na majina hayo yanafuata mteremko. Juu, chini kidogo ya mawe makubwa ya itale, ndiko kwenye luseni, kichanga chepesi kinachopitisha maji upesi. Ukishuka unakutana na itogolo, ambao juu una tabaka jepesi na chini una tabaka gumu linalozuia maji, na ndiyo maana majaruba mengi ya mpunga yamechimbwa hapo. Kwenye itogolo na pembezoni mwake hutokea madoa ya ibambasi, yaani udongo mgumu wa magadi, mara nyingi mtupu au wenye nyasi chache fupi. Bondeni kabisa iko mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa pana kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alieleza mfuatano wa namna hii kisayansi, na maelezo yake yanatumika duniani kote hadi leo.

Sababu ya mfuatano huo inahusiana na mada yetu moja kwa moja. Itale inapomomonyoka huachia sodiamu na kalsiamu. Maji ya mvua huzichukua chini kwa chini kupitia kichanga. Yanapofika kwenye mguu wa mteremko ambako mwendo wake unapungua, jua huyakausha na kuacha chumvi. Sodiamu hujikusanya zaidi kwenye ibambasi, na chokaa mara nyingi hutua ndani zaidi au bondeni, ambako katika mbuga unaweza kuchimbua vidonge vyeupe vigumu vya ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi. Shamba moja la ekari 2 linaweza kuwa na aina 3 za udongo, na ushauri mmoja hauwezi kulitosha shamba lote. Litembee shamba baada ya mvua kubwa, uweke vigingi vya miti pale maji yanapotuama na rangi yake ikawa ya maziwa, kisha kila eneo ulipime kivyake.

Vipimo viwili vya nyumbani

Kipimo cha kwanza ni cha glasi. Chukua vibonge vitatu vikavu vya ukubwa wa punje ya maharage kutoka sentimita 10 za juu, na vingine vitatu kutoka sentimita 30 chini, uviweke taratibu katika glasi zenye maji ya mvua, na usitikise. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike, kwa kuwa chumvi yake huzikusanya chembe na kulificha tatizo. Tazama baada ya dakika 10, baada ya saa 2, na siku ya pili. Kibonge kikivunjika kuwa punje ndogondogo lakini maji yakabaki maangavu, udongo wako unakosa mboji, nao unahitaji samadi wala hauna haja ya jasi. Kibonge kikizungukwa na wingu la rangi ya maziwa ambalo linatambaa sakafuni mwa glasi na kuenea, hapo sodiamu imeonekana. Wingu likijitokeza ndani ya dakika 10 hali ni mbaya, likijitokeza siku ya pili hali ni ya wastani. Iwapo hakuna wingu kabisa, lowanisha udongo kidogo, ufinyange vidoleni kama dakika moja, utengeneze kidonge na kukitumbukiza. Udongo unaotoa maziwa baada ya kufinyangwa tu ni ule ambao utaharibika ukilimwa kwa plau ukiwa umelowa, na tiba yake ya kwanza ni kusubiri ukauke kiasi kabla ya kufunga ng'ombe.

Kipimo cha pili ni cha chokaa, na ndicho kinachorukwa na wengi ingawa ndicho kinachoamua kama salfa itafanya kazi. Chimba shimo la sentimita 60, utoe udongo kutoka sentimita 15, 30 na 60, kila mmoja kwenye kisahani chake. Kwanza udondoshee maji ya kawaida ili hewa iliyonaswa itoke, la sivyo utaidhania kuwa jibu. Kisha udondoshee siki kali au maji ya limao, na uukaribishe sikioni. Udongo wenye chokaa utasikika ukichemka kwa sauti ndogo na mapovu yataonekana, hasa ukivunja vile vidonge vyeupe. Siki ni dhaifu, kwa hiyo mpe muda wa dakika kadhaa udongo uliosagwa vizuri kabla ya kusema hakuna kitu. Usitumie tindikali ya betri kwa kipimo hiki: mbali na kuunguza macho na ngozi, ile iliyotoka kwenye betri kuukuu ina risasi, na isitoshe ni tindikali ya salfa, ambayo ikigusa kidonge cha chokaa hukivika utando wa jasi na mapovu hukoma mapema.

Mapovu yakitokea ndani ya sentimita 30 za juu, salfa ina kazi ya kufanya. Yakitokea kuanzia sentimita 60 tu, kama ilivyo katika mbuga nyingi, salfa iliyochanganywa juu haitaifikia hiyo chokaa kwa wakati, na plau ya ng'ombe haiwezi kuipandisha. Hapo tumia jasi. Yasipotokea popote huku glasi ikionyesha maziwa, tumia jasi peke yake, na anayekuuzia salfa kwa shamba hilo mwambie asante.

Kukadiria kiasi

Vipimo vya nyumbani havisemi kiasi. Kwa hilo peleka sampuli maabara ya udongo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Ukiriguru, kiko Misungwi, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli. Omba upimiwe pH, chumvi zote kwa jumla, uwezo wa udongo wa kushika madini, sodiamu iliyoshikwa, na chokaa. Ukipata pH peke yake hujapata cha kukokotolea.

Tuseme majibu yamekuja hivi: uwezo wa kushika madini ni sentimoli 20 (kipimo cha wingi wa chaji) kwa kilo, na sodiamu imeshika asilimia 25 ya uwezo huo, nawe unataka ishuke hadi asilimia 10. Unatakiwa kuondoa asilimia 15 ya 20, yaani sentimoli 3 kwa kila kilo ya udongo. Kila sentimoli 1 inahitaji takribani gramu 0.86 za jasi safi. Hekta moja ya udongo wa kina cha sentimita 20 ina uzito wa takribani kilo milioni 2.8, kwa hiyo jibu ni tani 7.2 za jasi kwa hekta, au tani 2.9 kwa ekari. Jasi ya machimboni haiwi safi kabisa. Ikiwa usafi wake ni asilimia 80, gawanya kwa 0.8 upate takribani tani 3.6 kwa ekari. Kwa salfa, ukigawanya tani 2.9 kwa 5.4 unapata takribani kilo 540 kwa ekari, mradi chokaa ya kuitosheleza ipo.

Takwimu hizo zinatisha, na ni vizuri zitishe. Jasi ya Tanzania huchimbwa mbali na ziwa, kama vile Itigi mkoani Singida, Makanya mkoani Kilimanjaro na Kilwa mkoani Lindi, na usafiri unaweza kuzidi bei ya jasi yenyewe. Salfa ni nyepesi kubeba kwa kazi ileile, na kwa yule ambaye kipimo chake cha siki kimechemka juu ni chaguo la busara. Lakini kwa maoni yangu, doa la ibambasi lisilo na chokaa, lililoko mbali na maji ya kumwagilia, halistahili gharama hiyo. Likiachwa liwe sehemu ya ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, majani yake yatalipa zaidi kuliko mahindi yatakayopandwa kwa mkopo. Fedha ya jasi ipelekwe kwenye bustani iliyo karibu na maji au kwenye jaruba ambalo tayari lina mavuno lakini linasumbua.

Kabla ya ekari, fanya jaribio. Pima kipande cha mita 5 kwa 5. Kwa mfano wetu kitahitaji kilo 18 za jasi au kilo 3.3 za salfa. Kando yake acha kipande sawa na hicho bila kuweka kitu, na kingine ukiwekee samadi peke yake, maana mara nyingine samadi inashinda na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kuweka, kuchanganya na kuosha

Jasi huwekwa baada ya plau ya kwanza, mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli kushika. Inyunyizwe sawasawa, vibonge vyake vikiwa vimepondwa, kisha ichanganywe kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Pamoja nayo changanya samadi iliyooza, tani 4 hadi 5 kwa ekari kama zizi linaruhusu. Samadi ikiendelea kuoza hutoa hewa ya ukaa, ambayo ndani ya maji huwa tindikali nyepesi na kuyeyusha chokaa kidogokidogo, kazi ileile ya salfa lakini bila hatari ya kuzidisha. Pumba za mpunga kutoka mashineni nazo husaidia kulifungua gamba la juu, ingawa hazina chakula kingi cha mimea.

Kalsiamu ikishaingia, sodiamu iliyotolewa hubaki ikielea katika maji ya udongo ikiwa chumvi ya salfeti, na isipooshwa itarudi pale pale. Lita 1 ya maji huyeyusha takribani gramu 2.5 za jasi. Gramu 720 zilizowekwa kwenye mita moja ya mraba zinahitaji basi kama lita 290, sawa na milimita 290 za maji yaliyozama ardhini. Mwanza hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka, lakini sehemu yake kubwa hutiririka au hukauka, kwa hiyo msimu mmoja unaweza usitoshe. Jenga matuta ya kuzuia maji juu, na chini chimba mtaro wa kuyatoa yakishapita. Bila mtaro kazi yote iliyotangulia ni bure, kwa kuwa kwenye tabaka gumu la itogolo maji hayana pa kwenda na chumvi itapanda tena kiangazi.

Mpangilio wa hatua hizi usigeuzwe. Kuna udongo wenye chumvi nyingi za kila aina pamoja na sodiamu, na chumvi hizo kwa wingi wake ndizo zinazozuia chembe zisitawanyike. Mtu akiuosha udongo huo kwa maji matamu kabla ya kuweka jasi, anaondoa chumvi na kuacha sodiamu, na shamba lililokuwa linapitisha maji linajifunga mikononi mwake. Maji ya Ziwa Victoria ni ya namna hiyo hasa. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo yana chumvi kidogo sana. Ni mazuri kwa kunywesha mimea, lakini yakimwagwa kwa pampu juu ya mfinyanzi wenye sodiamu huutawanya upesi kuliko maji magumu ya kisima. Mwenye bustani ya nyanya au kabichi kando ya ziwa akiona gamba linaongezeka kadiri anavyomwagilia, asilaumu pampu; atawanye jasi kidogo juu ya tuta, ili kila umwagiliaji uyeyushe sehemu yake na kuyapa maji kalsiamu yanapozama.

Salfa ina kalenda yake. Ichanganywe na udongo wenye unyevu wa kutosha kushikamana mkononi, mvua za kwanza zikianza, na iachwe bila kufurikishwa hadi Januari au Februari, wakati bakteria wamefanya kazi. Mvua za Machi hadi Mei zitumike kuosha. Anayeiweka na kulijaza shamba maji siku hiyohiyo amewanyima bakteria hewa, na unga wa njano atauona bado upo akipiga jembe baada ya mavuno. Wakati wa kuinyunyiza vaa miwani na kitambaa puani, upepo uwe umetulia, na moto wala sigara visiwe karibu, kwa sababu vumbi lake hushika moto.

Jaruba la mpunga

Ndani ya jaruba lililojaa maji kemia ya salfa hugeuka. Hewa ikiisha, bakteria wengine huichukua salfeti na kuifanya kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo hudhuru mizizi ya mpunga. Udongo wenye chuma cha kutosha huinasa gesi hiyo na kuwa mweusi, na mara nyingi mpunga hauathiriki. Penye chuma kidogo na mabua mengi mabichi yaliyofukiwa, mizizi huwa myeusi na mashina hudumaa. Ng'oa shina moja, uioshe mizizi na kuinusa. Ikiwa myeusi na inanuka, toa maji jaruba likauke hadi nyufa nyembamba zionekane, kisha urudishe maji. Mwaka unaofuata fukia mabua mapema, na mbolea ya SA badilisha uweke urea.

Hilo lisikufanye uukatae mpunga kwenye magadi. Maji yanayosimama na kuzama polepole chini ya mpunga ni uoshaji wa miezi mitatu au zaidi bila gharama ya pekee, na mpunga huvumilia magadi kuliko mahindi, kwa hiyo jasi iliyowekwa kabla ya kupandikiza ina nafasi nzuri ya kufanya kazi jarubani kuliko popote pengine.

Kichanga cha luseni na mbolea ya SA

Hapa ndipo madhara ya salfa yenye tindikali yanapotokea polepole bila mtu kushtuka. Mbolea ya SA ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na ni mbolea nzuri. Tatizo ni kwamba amonia iliyomo inapogeuzwa na bakteria huacha tindikali nyuma yake, kiasi kwamba mfuko wa kilo 50 unahitaji takribani kilo 55 za chokaa ya kilimo ili kuurudisha udongo ulipokuwa. Kwenye mbuga yenye chokaa hakuna atakayeliona hilo. Kwenye luseni, ambao una mfinyanzi mchache na hauna akiba, misimu kadhaa ya SA mfululizo inatosha kuishusha pH.

Tindikali hiyo huondoa kalsiamu na magnesiamu kwenye mfinyanzi, na salfeti huzichukua hadi chini ya mizizi. pH ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu huanza kuyeyuka, na inapokaribia 5 au chini yake ncha za mizizi hunenepa na kuacha kurefuka. Cha kuangalia ni kwamba kipimo cha glasi hakitakuonya hapa. Aluminiamu iliyoyeyuka huzishika chembe kama shabu inavyozishika ndooni, maji yatabaki maangavu, nawe utadhani udongo ni mzima. Kinachopotea ni vitu vinavyoshikamanisha kichanga kwa njia nyingine: mizizi midogo, nyuzi za kuvu, gundi za bakteria na vinyesi vya nyungunyungu, ambao hawapendi tindikali. Matokeo ni udongo unaomwagika mkononi kama unga, unaochukuliwa na mvua ya kwanza, na mahindi yanayonyauka siku chache baada ya mvua kukatika. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, wanaopuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, wana sababu ya kupima pH ya udongo chini ya mikorosho kwa sababu hiyohiyo, maana unga usioshika majani huangukia chini.

Kwenye luseni basi, usiweke salfa, na jasi haitaponya uchachu kwa kuwa yenyewe haipandishi pH. Tumia chokaa ya kilimo iliyosagwa vizuri kwa kiasi kitakachotolewa na maabara, tumia samadi kila unapoweza, na SA ipokezane na CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu. Kwenye udongo wa magadi mambo ni kinyume: SA inafaa kuliko CAN, ila ifukiwe, kwa sababu ikiachwa juu ya udongo wenye pH kubwa amonia yake huruka hewani kabla ya mmea kuionja.

Kifusi cha machimbo na ukingo wa ziwa

Kwa walio karibu na machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, Misungwi au Sengerema, kuna tindikali ya salfa ambayo hakuna aliyeinunua. Mawe mengi ya dhahabu yana chuma kilichoungana na salfa, madini yanayong'aa njano. Yakipondwa karashani na kupigwa na mvua na hewa, hutoa tindikali na kutu ya rangi ya chungwa. Kifusi hicho kisitumike kusawazisha bustani hata kama kinatolewa bure, na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshewa dhahabu mwaloni, ni mabaya zaidi kwa kuwa yanaweza kuwa na zebaki.

Mtaro wa kuosha magadi nao usielekezwe kwenye lambo la kunyweshea mifugo wala kwenye jaruba la jirani aliye chini yako. Kando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwa hiyo mpaka wa shamba na mwisho wa mtaro vipimwe kuanzia hapo.

Baada ya masika rudia kipimo cha glasi kwenye kila kipande cha jaribio, ukitumia vibonge vya kina kilekile. Wingu la maziwa likiwa limepungua juu lakini bado lipo kwenye sentimita 30, jasi inatosha na kinachokosekana ni maji ya kuosha. Acha kuongeza, na uimarishe matuta kabla ya vuli. Likiwa halijabadilika kabisa, chimba mahali hapo ukaone kama unga wa jasi au salfa bado upo mkavu mahali ulipouweka. Likitoweka katika vina vyote viwili, simamisha jasi, endelea na samadi, na sampuli nyingine ya maabara ipelekwe baada ya misimu miwili.